Ng'ombe kwa Betri

"Mimi sikuuza ng'ombe ili ninunuliwe sanduku la kukalia," Yusta alisema.

"Si sanduku. Ni betri."

"Betri huwasha taa. Hii imewasha nini tangu iingie humu?"

Shukrani hakujibu upesi kwa sababu alikuwa ameuma tochi. Alilala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya kitanda, mikono ikipapasa nyaya. Gari lenyewe lilikuwa basi dogo kuukuu ambalo alikuwa amelivua viti na kulitia kitanda, sinki, jiko la gesi na friji ndogo, ili wageni wanaopanda Usambara walale humo popote watakapo. Majirani pale Malindi, kijiji cha huko huko milimani, waliliita nyumba ya magurudumu. Siku hizi walikuwa wameanza kuliita nyumba ya giza.

Alitoa tochi mdomoni. "Jana iliwaka."

"Jana iliwaka hadi nikamaliza kusema 'imewaka'."

"Mama Efrazia, hebu nisikilize..."

"Usinibembeleze. Nijibu. Ni mbovu au si mbovu?"

"Sijui."

Jibu hilo lilimuudhi Yusta kuliko uongo wowote. Alikuwa na stashahada ya uhasibu na kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia mboga kule Lukozi. Alizoea mambo yanayofunga: mzigo umeingia, mzigo umetoka, uliobaki ni huu hapa. Sasa hapa paneli za sola zilitandazwa nje asubuhi hadi jioni, jua likaingia, na taa hazikuwaka. Lilikwenda wapi?

"Labda ni baridi," Shukrani alisema. "Mwezi wa saba huu. Nimesoma kwamba lithiamu haipendi baridi."

"Ndiyo maana umeivika blanketi la mtoto?"

"Nimejaribu tu."

"Efrazia amelala kwa kanga jana, betri imelala kwa blanketi."

Efrazia, binti yao wa darasa la pili, alichungulia mlangoni akiwa na kikombe mkononi. "Mama, chai haina maziwa."

"Najua haina maziwa."

"Kwa nini?"

"Muulize baba yako. Yuko chini ya kitanda."

Shukrani alijitoa taratibu, akakaa sakafuni, vumbi limemganda kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa dereva, na miaka mingi ya kuendesha magari ya watu wengine ilikuwa imemzoesha kusema "sawa" kwanza, kisha kufikiri. Lakini gari hili lilikuwa lake, na hakutaka kusema sawa.

"Jumamosi wageni wanakuja," alisema. "Yule mzee wao ana sukari. Dawa yake ya sindano inakaa kwenye ubaridi. Nilimwambia friji ipo na inafanya kazi siku nzima."

"Ulimwambia ukiwa umeona nini?"

"Nikiwa nimeamini."

"Basi mpigie umwambie uliamini."

Hapo ndipo ugomvi ulipokwama, kama ulivyokuwa ukikwama kila jioni. Kitu kimoja tu kilikuwa wazi. Muuzaji wa betri kule Arusha alikubali irudishwe ikiwa itashuka na basi la Jumamosi asubuhi, si zaidi ya hapo. Na Mzee Abrahamu wa Lukozi, aliyemnunua ng'ombe wao, Tabia, alikuwa amesema hivi: mkiniambia Ijumaa kabla lori halijaondoka kwamba mnamtaka, nitamshikilia mpaka mlete hela, mkinyamaza, anapanda lori kwenda Mombo na mimi simjui tena.

Leo ilikuwa Jumatano.

*

Alhamisi asubuhi Shukrani alimleta Edgar, fundi sola kutoka Lushoto mjini. Alifika kwa bodaboda akiwa na begi la vifaa na miwani ya jua, ingawa jua lilikuwa ndiyo kwanza linavuka ukingo wa mlima. Alizikuta paneli zimetandazwa kwenye tuta la juu, karibu na mpaka wa jirani, mahali pekee kwenye kiwanja chao ambapo mikaratusi haikutia kivuli. Zilikuwa za kukunjwa, kurasa nne kama mkeka, na waya mrefu ulishuka kutoka pale hadi dirisha la gari.

Edgar alipima hapa, akapima pale. Akaishika simu ya Shukrani, ambayo ilikuwa imeunganishwa na betri na kuonyesha kilichomo, akawageuzia wote wawili waione.

"Inaingia. Mama, tazama. Chaji inaingia vizuri kabisa."

"Sasa inaingia. Jioni haimo," Yusta alisema.

"Haiwezi kutokuwemo, mama. Kikiingia kimeingia."

"Mimi nakwambia haimo."

Edgar akatabasamu kwa namna ambayo Yusta aliifahamu. Ndilo tabasamu la maofisini, analopewa mtu aliyeshika fomu isiyo yake. "Usiku mnatumia nini? Pasi? Hita?"

"Tutumie pasi ndani ya gari?"

"Nauliza tu. Watu huwa wanasahau. Mwingine nilimkuta anachemshia maji ya kuoga."

"Hatujachemsha kitu. Taa moja, dakika mbili, basi."

"Basi paneli ni nzima, betri ni nzima, waya ni mzima." Alifunga begi. "Tatizo litakuwa kwa mtumiaji."

Yusta alimlipa, kwa kuwa mtu akishapanda mlima lazima alipwe, hata kama amepanda kukutukana.

Mchana, akiwa kazini, alimpigia muuzaji mwenyewe. Wenzake wawili walikuwa wakipanga makreti ya karoti karibu naye na wakaacha kupanga ili wasikilize vizuri.

"Dada, hebu nipe mwenye gari niongee naye," muuzaji alisema.

"Mwenye gari ni mimi. Ng'ombe alikuwa wangu."

"Ng'ombe gani tena?"

"Achana na ng'ombe. Betri yako asubuhi inaingiza chaji, jioni haina kitu."

"Umesoma maelekezo?"

"Yameandikwa Kichina."

"Nyuma kuna picha, dada."

Wenzake walicheka. Mmoja wao, Shamsa, alimwambia baadaye, kwa nia njema kabisa, kwamba kuna watu wana jicho, na kitu kipya kisipofichwa hakidumu. Yusta alimjibu kwamba jicho haliwezi kunyonya umeme. Lakini njiani kurudi nyumbani alijikuta akiwataja mmoja mmoja majirani waliolitazama lile gari, na jina lililorudi mara nyingi lilikuwa la Bi Mwajuma, mjane wa upande wa pili wa mpaka.

Hawakuwa wakisalimiana. Tabia aliwahi kukata kamba akala miche ya kabichi ya Bi Mwajuma, tuta zima, na Yusta akasema kwamba ng'ombe hana akili, asiyetaka miche yake iliwe aweke uzio. Tangu siku hiyo Yusta akipita njiani alitazama mbele, na Bi Mwajuma, ambaye angeweza kumzaa, alisimama akasubiri shikamoo isiyokuja.

Jioni simu ya Shukrani ilionyesha kwamba betri ilikuwa na kiasi kilekile cha jana. Paneli zilikuwa palepale, zimetandazwa vilevile. Yusta alizigusa. Zilikuwa baridi na safi. Alirudi ndani asijue hata amkasirikie nani.

"Kesho siendi kazini," alimwambia mumewe. "Nitakaa nayo."

"Ukae na betri?"

"Nitakaa nayo kama mgonjwa."

*

Ijumaa Shukrani alitoka mapema kuwapeleka watu Soni kwa gari la tajiri mmoja, akamwachia mkewe ile simu ya betri, akabeba simu yake ndogo. Efrazia alikwenda shule akiwa amekunywa chai ya rangi. Yusta alitandaza paneli, akaingia garini, akavuta pazia liache upenyo, akakaa kitandani na ile simu mapajani.

Chaji iliingia. Aliitazama ikiingia, namba ikipanda pole pole, na kwa sababu asiyoielewa roho yake haikufurahi. Akajisuta. Unataka nini wewe? Unataka iingie au isiingie?

Kisha ukungu ukaja. Ulipanda kutoka bondeni kama unavyopanda siku zote za mwezi wa saba, ukafunika mahindi, ukafunika mapaa ya chini, ukafika kwenye tuta. Kwenye simu namba ilipungua mwendo lakini haikusimama. Yusta alishangaa. Alidhani ukungu ungeikata kabisa.

Kisha namba ya kinachoingia ikakatika. Sifuri.

Alichungulia. Bi Mwajuma alikuwa kwenye tuta lao. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, turubai limekunjwa juu ya kichwa chake. Alikuwa ameinama na kuzikunja paneli, ukurasa juu ya ukurasa, kwa mikono ya mtu aliyekunja mikeka tangu utotoni. Akazifunika kwa turubai, akachagua mawe manne, akayaweka kwenye pembe.

Yusta alitoka garini bila viatu.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

Bi Mwajuma alinyoosha mgongo taratibu, mkono kiunoni. "Kwanza salamu," alisema.

Yusta alihema. Alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni na hakuna hata moja lingeweza kutoka kabla ya hilo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Naanua."

"Unaanua?"

"Ukungu umeshuka, vitu vinaloa. Kila siku mnaondoka wote mnaacha vitu vya bei mbaya nje, kama watu wasio na kwao. Nikasema hawa hawana wa kuwaanulia."

"Kila siku?"

"Kila siku unaposhuka. Nikirudi kukata majani jioni nazitandaza tena kama zilivyokuwa, msije mkasema nimeshika vyenu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie vipi? Wewe ukipita unatazama mlima."

Yusta alilitazama turubai. Huku milimani hakuna asiyejua kwamba mvua ikitishia na maharage ya jirani yako nje, unaanua. Huulizi. Hata kama mmegombana, hata kama mna kesi barazani, unaanua, halafu kesho unaendelea na kesi. Yeye mwenyewe amewahi kuanua nguo za mtu aliyemsengenya.

"Hivi vitu havianikwi, mama," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejieleza mwenyewe. "Havikauki. Vinakula mwanga."

"Mwanga gani? Ukungu huu?"

"Hata huu."

"Usinidanganye, Yusta."

"Njoo uone."

Aliondoa mawe, akavua turubai, akafungua kurasa. Akamwonyesha simu. Namba ilianza kusogea, ndogo, lakini ikisogea. Bi Mwajuma aliisogeza simu mbali na macho yake, akaitazama kwa mashaka.

"Funika," aliagiza.

Yusta alifunika. Sifuri.

"Fungua."

Akafungua. Ikarudi.

"Funika tena."

Alifunika na kufungua mpaka Bi Mwajuma akaridhika. Mama yule aliketi kwenye ukingo wa tuta, kanga ikiloa umande.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiiziba mdomo," alisema.

"Ndiyo."

"Inataka kula, mimi naiziba mdomo."

"Ndiyo, mama."

"Mbona haikulia?" Akacheka peke yake, kicheko kifupi, kisha akatikisa kichwa. "Na mumeo nilimsikia juzi anapewa maneno. Nikasema, mwanaume wa watu kafanya nini?"

Yusta hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa pili wa mpaka, kwenye uwanja wa Bi Mwajuma, ambako maharage yalikuwa yametandazwa juu ya ardhi tupu, yameloa, meusi kwa unyevu.

"Na maharage yako?"

"Yana nini?"

"Yamo kwenye ukungu."

"Nina turubai moja," Bi Mwajuma alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Maharage nikiyakosa nitapanda mengine. Hicho kitu mliuzia ng'ombe."

Aliinuka, akachukua turubai lake, akavuka mpaka kwenda kuyafunika.

Yusta alibaki amesimama na simu mkononi. Alipaswa kufurahi. Betri ilikuwa nzima, paneli nzima, muuzaji hakuwa mwizi, mumewe hakuwa mjinga. Badala yake alikuwa amevunjika moyo. Alikuwa akitaka iwe mbovu. Wiki hizi zote alikuwa akiisubiri iwe mbovu, ifungwe kwenye boksi, ipande basi, na kesho yake asubuhi Tabia awe zizini akitafuna. Sasa hakuna aliyekosea, na hesabu bado haikufunga.

*

Shukrani alirudi saa tisa, mapema kuliko alivyoaga. Alikuwa amebeba boksi tupu la betri begani na spana mfukoni. Hakumtazama mkewe.

"Naifungua," alisema. "Inarudi. Nimeshaongea na muuzaji. Wageni nimewapigia nimewaambia wasubiri jibu langu mpaka jioni."

"Usiifungue."

"Wewe si ndiye uliyesema..."

"Jana nilisema ya jana. Weka boksi chini."

"Yusta, mimi nimechoka. Mtoto anakunywa chai ya rangi. Nimetembea na hilo neno njia nzima kutoka Soni. Ng'ombe alikuwa wako, ulimnunua kwa mshahara wako, nikakushawishi. Anarudi. Gari nitaliuza, au nitafugia kuku."

"Betri ni nzima."

"Hata kama ni nzi..." Alishusha boksi. "Umesema nini?"

Alimweleza habari ya turubai, na kwamba kile kidogo cha asubuhi friji ilikuwa ikikimaliza mchana kabla ya jioni. Mwanzoni Shukrani hakuelewa, akauliza Bi Mwajuma ameiba nini. Alipoelewa aliketi juu ya boksi, likabonyea, akajishika kichwa.

"Anaanua?"

"Anaanua."

"Na mimi nimeivika blanketi!"

Walicheka wote wawili, vibaya, kwa machozi, mara ya kwanza tangu betri ipande mlimani. Kicheko kilipokwisha kila mmoja alitazama upande wake.

"Leo imefika wapi?" Shukrani aliuliza.

"Imevuka nusu, na jua la kweli tumeliona asubuhi tu."

"Zikikaa nje mpaka magharibi, na kesho njiani, friji haizimi. Dawa ya yule mzee itakaa."

"Najua. Nimeshapiga hesabu."

"Basi ni wewe useme. Nilisema inarudi na sijabadilisha. Ukitaka Tabia, nafungua sasa hivi, nzima au mbovu."

Yusta alitamani asingesema hivyo. Mume mbishi unampinga. Mume anayekupa uamuzi mkononi unamfanyaje? Gari lingeweza kuwalisha, kama wageni wangekuja, na kama wangeridhika, na kama wangewaambia wengine. Ng'ombe hakuwa na "kama". Kila asubuhi ndoo. Lakini ng'ombe alikuwa mmoja, na akiugua wiki moja nyumba nzima inaugua naye.

Simu ikalia. Ilikuwa ya kwake, na jina lilikuwa la Mzee Abrahamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Lori limefika. Jamaa anapakia. Nimshikilie huyu mnyama au nimpakie?"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na vurugu za watu na injini, na katikati ya hayo ng'ombe akalia. Huenda hakuwa Tabia. Kulikuwa na ng'ombe wengi pale. Shukrani alikuwa amesimama, spana mkononi, akimtazama mdomo.

"Mama? Unanisikia? Wananiharakisha hapa."

"Mpakie," Yusta alisema.

"Umesema nimpakie?"

"Mpakie, baba. Ila umwambie atakayemnunua asimshike mguu wa nyuma wa kushoto. Anapiga teke. Aanze kumkamua upande wa kulia, ampe kwanza majani, asimpigie kelele."

"Haya. Nitamwambia."

Alikata simu. Shukrani alisogea kama mtu anayetaka kumshika bega, na Yusta akamnyooshea kidole. "Usiniguse sasa hivi, nitalia, na sina muda. Wapigie wageni uwaambie kesho waje. Halafu sogeza paneli zifuate jua, hapo kivuli cha mlima kimeshaingia."

Alikwenda jikoni. Alichukua lile jagi la plastiki ambalo kila asubuhi alikuwa akiwapimia watu maziwa, akalisuuza, akatoka nalo. Njiani palikuwa na wanawake wawili wanatoka kisimani wakiwa na ndoo kichwani. Walimwona, wakaliona jagi, wakaona anakokwenda, wakapunguza mwendo. Yusta alivuka mpaka mbele yao.

"Hodi, mama!"

Bi Mwajuma alitoka kwenye banda la ng'ombe wake, mikono ikinuka majani. Alimtazama Yusta, akalitazama jagi, akaelewa yote kwa mara moja.

"Shikamoo," Yusta alisema, bila kungoja.

"Marahaba, mwanangu. Unataka ya kuomba au ya kununua?"

"Ya kununua. Kila siku. Na ile miche ya kabichi niambie ilikuwa mingapi."

"Ya miche tutaongea nikikaa." Alipokea jagi, akalinusa ndani kama anavyonusa mtu mwenye ng'ombe, akaridhika. Kisha akatazama juu, ambako ukungu ulikuwa ukirudi tena kutoka bondeni, mzito kuliko wa asubuhi. "Unashuka. Na kile kitu chenu?"

"Kiache, mama."

"Hata ikinyesha?"

"Hata ikinyesha."

Bi Mwajuma alikitazama kule juu ya tuta, kimetandazwa wazi, maji yakianza kukidondokea. Alihamisha jagi mkono huu hadi mkono ule.

"Ingia ndani basi, ukae uupe mgongo mlango," alisema, "na mimi nikae hivyohivyo. Nikikiona nitakwenda kukianua."